UZI: Baridi iliyogoma kuondoka. Kwa nini hewa hukwama, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuiangalie vipi

Wakuu, poleni na baridi.

Naandika kutoka Makete. Leo ni siku ya kumi na moja jua halijatoka vizuri kabla ya saa sita mchana. Upepo ni uleule, unatoka upande uleule wa kusini mashariki, na ukungu umekaa kwenye vilima asubuhi hadi jioni. Juzi jirani yangu, mzee wa makamo anayelima ngano, kaniuliza: "Mwalimu, hii baridi inasubiri nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani, maana ni zuri kuliko lile tunaloulizana kila Juni, kwamba mwaka huu itashuka hadi nyuzi ngapi. Baridi ya siku mbili hata ikiwa kali tunaivumilia na mazao huvumilia. Inayotuumiza ni ile inayokuja ikatulia. Kwa hiyo uzi huu ni kuhusu kukwama kwa hewa.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Nimefundisha jiografia sekondari, sasa ni mkulima wa viazi mviringo. Nilianza kulifuatilia jambo hili baada ya kupoteza kinyungu kizima. Wageni wasiojua, vinyungu ni yale mashamba ya bondeni tunayolima kiangazi kwa sababu ardhi bado ina unyevu. Viazi vyangu vilikuwa vimefikia magotini, vinakaribia kutoa maua. Siku tisa mfululizo palikuwa na upepo na manyunyu, tukalala na mablanketi matatu, lakini shamba halikuguswa. Usiku wa kumi upepo ukakata, mawingu yakaondoka, nyota zikajaa. Nikafurahi, nikamwambia mke wangu baridi imeisha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta majani meupe, magumu, ukilikunja jani linavunjika. Kufikia saa tatu, jua lilipowaka, yale majani yalikuwa meusi na yamelegea kama mchicha uliochemka. Shamba langu lingine la mlimani, mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale, halikupoteza hata shina moja.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa naelewa baridi ya kwetu.

Kipupwe kinatoka wapi

Kuanzia Juni hadi Agosti, kule kusini mashariki mwa visiwa vya Morisi na Réunion hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa. Wataalamu wanaliita la Mascarene, kwa jina la visiwa hivyo. Hewa hutoka pale kwa mzunguko wa kinyume cha saa na kutufikia kama upepo wa kusi. Inapita juu ya bahari ikibeba unyevu, inapanda milima yetu, inapoa, na kuwa ukungu na rasharasha. Ndiyo maana ukingo wa Mufindi kwenye chai unalowa mwezi wa saba, na Rungwe haikauki, wakati Usangu nyuma ya milima ni vumbi na upepo mkavu. Wenzetu wa kusini mwa Malawi wana jina kabisa la hali hii, wanaiita Chiperoni, kwa sababu inawajia kutoka upande wa mlima wa jina hilo ulioko Msumbiji.

Juu ya hapo kuna msukumo wa ziada. Kusini mwa Afrika mifumo ya mgandamizo mkubwa na mdogo hupita kutoka magharibi kwenda mashariki, mmoja baada ya mwingine, kila baada ya siku chache. Mgandamizo mkubwa unapozunguka ncha ya Afrika Kusini na kuingia Bahari ya Hindi, husukuma hewa baridi kupitia Msumbiji hadi kwetu. Kwa kawaida msukumo mmoja unapita, tunapumua siku mbili tatu, unakuja mwingine.

Mwaka wa shida ni ule ambao misafara hiyo inasimama.

Kwa nini isimame?

Aliyewahi kufika Mto Kiwira, pale kwenye Daraja la Mungu au Kijungu, anajua maji yanavyokwenda kwa kasi. Lakini ukitazama nyuma ya jiwe kubwa utaona kuna mwinuko wa maji ambao hauendi popote. Maji yanapita ndani yake, kila sekunde ni maji mengine, lakini umbo la wimbi limebaki palepale tangu asubuhi.

Hewa ya juu, kilomita kumi hivi kutoka usawa wa bahari, ina mto wa namna hiyo unaozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Una mawimbi makubwa ya maelfu ya kilomita. Msweden Carl-Gustaf Rossby alieleza hesabu yake mwaka 1939: upepo unalisukuma wimbi mashariki, lakini mzunguko wa dunia unalirudisha magharibi, na kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyorudi nyuma kwa nguvu zaidi. Kwa urefu fulani nguvu hizo mbili hulingana. Wimbi linasimama. Upepo unaendelea kupita ndani yake, lakini aliye chini ya upande wa baridi anabaki na baridi, na aliye chini ya upande wa joto anabaki na joto.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu watu wengi hudhani hali ya hewa ikikwama maana yake hewa imetulia. Hapana. Hewa inatembea sana. Kilichosimama ni umbo.

Naendelea jioni, ng'ombe wananiita.

---

Mdau wa Mbozi: Asante mwalimu kwa uzi. Sisi wa kahawa, jalidi, yaani umande unaoganda na kuunguza mimea, tunaijua kupitia bei. Wazee wetu wanasimulia ile neema ya miaka ya sabini, kahawa ilipopanda hadi watu wakaezeka bati, kumbe Brazili kulikuwa na baridi. Na hiyo nayo ni hewa iliyokwama?

Mleta uzi: Mkuu, hapo umegusa jambo zuri, na jibu lake ni hapana. Ile ilikuwa Julai 1975, tarehe 17 na 18, jimbo la Paraná. Hewa ya ncha ya kusini ilipanda kwa haraka hadi kwenye mibuni, ikaua miti kwa usiku mmoja au miwili, ikapita. Madhara yake ndiyo yaliyodumu, maana mbuni ukifa unasubiri miaka mingine hadi mpya uzae, na mwaka 1977 kahawa ilivuka dola 3 kwa ratili kwenye soko la dunia. Julai 2021 ilitokea tena, tarehe 20, na bei ikafika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2014. Hizo ni baridi za kuvamia. Zinaua kwa ukali. Hii ninayoizungumzia inaua kwa kukaa.

---

Naendelea.

Ili tuone kukwama kwa kweli kunafananaje, twende kaskazini, kwa sababu huko milima mirefu na mabara makubwa yanaumba mawimbi yenye nguvu kuliko huku kusini ambako karibu kote ni bahari.

Uingereza, majira ya baridi ya 1962 na 1963. Theluji kubwa ilianza tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi, na sehemu nyingi haikuyeyuka hadi mwanzoni mwa Machi. Wastani wa Januari katikati ya Uingereza ulikuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 2.1. Bahari iliganda ufukweni Herne Bay. Sababu ni kwamba mgandamizo mkubwa wa hewa uliota kaskazini, ukazuia upepo wa Atlantiki ambao kwa kawaida huwaletea Waingereza hewa ya vuguvugu na mvua, na nafasi yake ikachukuliwa na upepo wa mashariki kutoka Urusi. Wataalamu wanakiita kizuizi. Kikiwekwa mlangoni, dhoruba zinazokuja zinagawanyika, nyingine zinapita juu na nyingine chini, na ajabu ni kwamba zinapozunguka zinakilisha hewa ya joto zaidi, kinazidi kuimarika. Mimi hilo lilinishangaza kuliko yote: kile unachodhani kitakiondoa ndicho kinachokitunza.

Miaka kumi na nne baadaye ikawa zamu ya Marekani. Magharibi kulisimama tuta la mgandamizo mkubwa, mashariki likafunguka bonde la mgandamizo mdogo. California ikakauka, miji ya mashariki ikazikwa kwenye theluji, na tarehe 19 Januari 1977 theluji ilionekana hadi Miami. Watu wale hawakuwa na misimu miwili tofauti. Lilikuwa wimbi moja, kila mmoja akiwa upande wake. Mtaalamu Jerome Namias, aliyetumia maisha yake kwenye jambo hili, alishikilia kwamba bahari ndiyo yenye kumbukumbu: hewa husahau upesi, lakini maji ya Pasifiki yakishapata joto au baridi yanabaki hivyo kwa miezi, na yanaendelea kuisukuma hewa kwenye umbo lilelile.

Lile tuta lilirudi mwishoni mwa 2013, na safari hii lilikaa hadi mtafiti kijana, Daniel Swain, akalipa jina la tuta lenye ukaidi uliopitiliza. California ilikaukiwa. Majira hayohayo mashariki mwa Marekani waliganda, na Uingereza na Wales walipata majira ya baridi yenye mvua nyingi kuliko yote kwenye kumbukumbu zao zinazoanzia 1766. Tuta moja la Pasifiki, na ng'ambo ya Atlantiki watu wanapanda mitumbwi kwenye mitaa yao.

---

Binti wa Mafinga: Samahani mwalimu, mimi nauliza la nyumbani. Wewe ulisema siku tisa za upepo hazikuua viazi, usiku mmoja wa utulivu ukaua. Sasa kilichokwama kilikuwa kinatulinda?

Mleta uzi: Dada, ubarikiwe, hilo ndilo nililotaka kufika.

Ndiyo. Mawingu ni blanketi. Usiku ardhi inatoa joto kwenda juu, mawingu yanalirudisha. Upepo nao unachanganya hewa ya chini na ya juu. Kwa hiyo siku za ukungu mchana unakuwa wa baridi ya kusumbua mifupa lakini usiku haushuki sana. Wakati huo wote hewa baridi inazidi kujaa na ardhi inazidi kupoteza joto lake, kwa sababu mchana jua halikuichaji. Mgandamizo unaposogea na kutukalia juu, hewa inashuka, inakauka, mawingu yanayeyuka, upepo unakata. Hakuna blanketi tena. Ardhi iliyokwisha kupoa kwa siku tisa inaachwa uchi usiku kucha. Na hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji kutafuta bonde. Na bondeni ndiko kiliko kinyungu changu.

Kwa hiyo kipindi kirefu cha ukungu ni maandalizi, na usiku wa kwanza wa nyota ndio hatari. Sisi tunafanya kinyume: tunafunika vitalu siku za upepo kwa sababu ndizo tunazohisi baridi mwilini, halafu usiku wa nyota tunafunua.

Na kipimajoto kisikudanganye. Cha kituo huwekwa kwenye kisanduku, juu kidogo ya mita moja kutoka chini. Kikisoma nyuzi 3, majani yaliyo chini yanaweza kuwa yamefika sifuri au chini yake. Mimi sasa ninacho kimoja ukutani na kingine nimekilaza kwenye nyasi bondeni, na tofauti yao usiku wa nyota ndiyo inayonifundisha.

Mkulima wa Uyole: Kwetu wanachoma pumba na matairi usiku, moshi utande juu ya shamba. Inasaidia?

Mleta uzi: Moshi hausaidii kama tunavyodhani, mkuu. Chembe zake ni ndogo mno kurudisha lile joto linalotoka ardhini. Matone ya wingu yanaweza, moshi hauwezi vizuri. Na matairi yanakuumiza kifua bure. Kinachosaidia ni kumwagilia mchana au jioni mapema ili udongo wenye maji utunze joto, kufunika kitalu kwa nyasi kabla jua halijazama, na kufunua baada ya jua kupanda. Lakini kikubwa ni mahali pa kupanda. Viazi vya Juni viende kwenye mteremko, bondeni weka kabichi, ambayo inavumilia.

Muuguzi wa Njombe: Naomba niongeze hapa kwa herufi nzito, kwa sababu hizi wiki ndefu za baridi ndizo tunazopokea wagonjwa. Msilale na jiko la mkaa ndani. Siku ya kwanza watu huliweka nje, siku ya nane wamechoka, wanaliingiza chumbani na kuziba dirisha kwa gunia. Ile hewa ya sumu haina harufu na haina rangi. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasinzia, haamki. Oteni moto jikoni, mlango wazi, kisha mkalale na nguo nzito.

Mleta uzi: Asante sana dada. Hilo naomba kila mmoja alisambaze kwenye magrupu ya familia.

---

Kijana wa Tunduma: Mwalimu, hayo ya Ulaya yanatuhusu vipi? Desemba na Januari kwetu ni masika, hakuna baridi.

Mleta uzi: Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, elimu ya kuyatambua mawimbi haya ilizaliwa kutokana na mvua za watu wa joto kama sisi. Gilbert Walker alipelekwa India mwaka 1904 kuongoza idara ya hali ya hewa, na kazi iliyomsumbua ilikuwa kutabiri mvua za monsuni, maana zikikosa watu walikufa kwa njaa. Akakusanya takwimu za dunia nzima, akakuta kwamba mgandamizo ukipanda upande mmoja wa Pasifiki unashuka upande wa pili, kama bembea. Humo ndimo ilimokuja kueleweka El Nino. Akakuta bembea nyingine Atlantiki ya kaskazini, na ndiyo inayotawala majira ya baridi ya Ulaya. Februari 2010 bembea ya ncha ya kaskazini, ambayo ni ndugu yake wa karibu, ilishuka hadi kiwango cha chini kuliko mwezi wowote tangu 1950.

Pili, upepo wetu wa kipupwe ndio unaokwenda India. Mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alieleza mwaka 1969 jinsi upepo wa kusi unavyobanwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukawa mto mwembamba wenye kasi unaovuka ikweta, ukapinda kuelekea India na kuwa monsuni. Unapopita stendi ya Makambako mwezi wa saba na upepo unakukata midomo, huo ni ukoo mmoja na upepo unaopeleka mvua Mumbai. Mgandamizo wa Mascarene ukiwa na nguvu kwa wiki nyingi, unaguswa wewe na anaguswa mkulima wa mpunga wa kule.

Na kwenye mvua zetu za Novemba hadi Aprili, tuwe waangalifu na maneno ya redioni. Ikitangazwa El Nino, watu wa Mbeya na Iringa hudhani ni mafuriko lazima. Mwaka 2023 kuingia 2024 kaskazini mwa nchi na Kenya walipata mvua nyingi mno, huku Zambia na Malawi wakipata ukame mbaya. Sisi tuko katikati ya mizani hiyo. Mwaka mmoja tunavutwa upande huu, mwaka mwingine ule. Ndiyo maana nasisitiza tusome mwelekeo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa mikoa yetu, ule wa kipupwe na ule wa mvua za msimu, siyo kichwa cha habari cha dunia.

Kijana wa Tunduma: Na tabianchi? Kukwama huku kunaongezeka?

Mleta uzi: Wenyewe wanabishana. Mwaka 2012 Jennifer Francis na Stephen Vavrus walitoa hoja kwamba kwa kuwa ncha ya kaskazini inapata joto haraka, tofauti ya joto kati yake na kusini inapungua, mto wa hewa ya juu unalegea na mawimbi yanakwama zaidi. Wengine wamepima na kusema ushahidi hautoshi. Mimi sitachagua upande kwa ushabiki. Ninachoona ni kwamba hata jalidi zikipungua kwa jumla, moja ikija bado inatosha kummaliza mtu mwenye ekari moja.

---

Mzee wa Bulongwa: Mwanangu, sisi zamani tulikuwa hatupandi bondeni kabla ya mwezi wa nane. Tuliambiwa bonde linalala na baridi.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Nilisoma hayo yote vitabuni, na wewe umeyasema kwa sentensi moja. Bonde linalala na baridi. Laiti ningekuuliza kabla ya kununua mbegu.

---

Taarifa ya jioni hii, siku ya kumi na mbili. Upepo umeanza kulegea tangu saa tisa. Mawingu yamepasuka upande wa Kitulo, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimeona ukingo wa mlima wote. Watoto wamefurahi, wako nje. Mimi na mke wangu tumetandaza nyasi kwenye kitalu cha kabichi changa na nimemwagilia mistari ya chini. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 8 saa moja hii, cha kwenye nyasi kinasoma 5, na nyota zimeanza kuonekana.

Wenye vinyungu Makete, Njombe, Mufindi na Uporoto, tokeni sasa hivi mkafunike. Kesho asubuhi nitaweka namba za vipimajoto vyote viwili hapa.